Umesahau Tu

Mimi ni dobi, mwaka wa kumi na tisa huu, kwa hiyo habari za uchafu usinieleze. Nimeshika mashuka ya nyumba za wageni, mashuka ya wagonjwa, vitambaa vya meza vilivyotapikiwa na watu wenye heshima zao. Nimetia mkono kwenye mifuko ya suruali nikatoa vitu ambavyo wenyewe wangevikana mahakamani. Maji ya moto, sabuni, unasugua, yamekwisha. Lakini mtu aliyeoga, aliyejipulizia marashi, amekaa kwenye kiti safi anasema uongo kwa sauti ya upole, huyo ananitia kichefuchefu hadi leo. Na katika habari hii ya dada yangu watu wa namna hiyo wamo wengi, na mmoja wao, mniwie radhi, ni mimi.

Kwanza mjue dada ni nani. Yeye ndiye aliyeanzisha udobi wetu. Chumba kimoja kirefu, nyuma masinki mawili ya saruji, pembeni mashine kuukuu ambayo ikianza kukamua inatembea sakafuni kama inataka kutoroka, mbele meza mbili za pasi na bomba la chuma la kutundikia nguo zilizo tayari. Wenzetu wote wa kazi hii hubandika vikaratasi vya namba. Dada hakutaka hata kuvisikia. "Karatasi inalowa," alikuwa akisema, "uzi unabaki." Kila mteja alikuwa na alama yake, mishono miwili mitatu ndani ya kola au kwenye upindo. Msalaba mwekundu, mwalimu mkuu. Mistari miwili ya kijani, mama wa duka la dawa. Nukta tatu za buluu, fundi saa. Wateja mia na ushee na daftari hakuna, zote ziko kichwani mwake. Ukimpa shati lolote anageuza kola, anakwambia la nani, lililetwa siku gani, na mwenyewe siku hiyo alikuwa amenuna au anacheka.

Mdomo nao alikuwa nao. Bwana mmoja alileta shati jeupe lenye rangi ya mdomo kwenye kola, anajitia hamnazo, anasoma tangazo ukutani. Dada akalikunjua mbele ya wateja wote. "Baba, doa la shati nitalitoa mimi. La nyumbani utalitoa mwenyewe." Watu walicheka wakashika mbavu, na yule bwana ni mteja wetu hadi leo.

Alikuwa na mume, karani wa ofisi ya vibali, shemeji yangu huyo, mtu wa kuchana nywele kwa maji na kuongea polepole kana kwamba kila neno lake limepigwa muhuri. Na alikuwa na mtoto mmoja wa kike, miaka sita, ambaye kwa mashavu yake tulimwita Kibonge. Huyo mtoto ndiye roho ya dada. Alilelewa ndani ya kapu la foronya safi chini ya meza ya pasi, akajua kuhesabu kwa vibanio vya nguo.

Sasa ukiniuliza ugonjwa ulianzaje, sijui. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeachwa. Siku moja dada alisimama na pasi mkononi, akaitazama, hakuishusha wala hakuirudisha. Nikacheka, nikamwambia, "Dada, shati linakungoja." Hakucheka. Kesho yake alichelewa. Wiki iliyofuata aliunguza blauzi, yeye, ambaye hajawahi kuunguza hata kitambaa cha jasho. Kisha akaacha kuja. Alilala amejikunja amegeukia ukuta, hali, haongei, ukimwita anakujibu baada ya dakika nzima kwa sauti isiyo yake: "Niacheni tu."

Watu bwana! Walikuja kumwona na kila mmoja na dawa yake ya mdomoni. Anajidekeza. Anamkomoa mumewe. Apewe kazi nyingi, ataamka. Jirani mmoja alisimama mlangoni, hakuingia hata hatua, akasema, "Mbona wengine tuna shida zaidi yake na tunatembea?" Nilitamani kummwagia karai la maji machafu.

Niseme na lile ambalo ndugu hawalisemi. Dada alikuwa ananuka. Alikuwa haogi, hataki kuguswa, na godoro lilikuwa linalowa mara nyingi kuliko nilivyoweza kulianika. Mimi mwenye mikono hii, nisiyekunja pua kwa mashuka ya watu nisiowajua, nilikuwa nikifika mlango wa chumba cha dada yangu wa tumbo moja nasimama kwanza, nameza mate, ndipo naingia. Nilimwona kinyaa. Na kumwona kinyaa kulinifanya nijione kinyaa mwenyewe, nikawa namfuta kwa hasira, namgeuza kwa hasira, kama mtu anayekamua blanketi.

Siku moja nilipoinua mto wake nikakuta vipande vya mkate, vingine vimeota ukungu, vimepangwa mstari. Kibonge alikuwa akiacha nusu ya mkate wake kila asubuhi na kuuingiza pale, ili mama akisikia njaa asione haya kuomba. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia, kisha nikavitupa.

Ndipo akaja Shangazi. Huyu ni dada yake shemeji, anakaa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Hakujaliwa mtoto, na tangu zamani macho yake kwa Kibonge yalikuwa ya mtu anayechagua kitambaa dukani. Alikaa siku mbili akiwa na leso puani mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu aliondoka na Kibonge. Namna alivyoondoka naye nitaisema mbele kidogo. Hapa bado siwezi.

Baada ya hapo dada aliacha hata maji. Nikaita gari nikampeleka hospitali kubwa mwenyewe, shemeji yuko kazini anagonga mihuri.

Daktari wa akili alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa raba, anaongea haraka. Akampima, akanitazama. "Dada yako ana sonona, na imefika pabaya. Vidonge vinahitaji wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na yeye wiki hizo hana. Nataka tumpe tiba ya umeme."

"Umeme?" nikamwuliza. "Umeme huu wa pasi?"

"Kidogo sana, sekunde chache, na akiwa usingizini."

Jioni hiyo ukoo ulikutana sebuleni kwa shemeji. Mjomba, ambaye hakuwahi kufika hata mlangoni kwa mgonjwa, alikuwa anachokonoa meno na njiti ya kibiriti. "Kumtia mtu umeme kama taa! Afadhali afe na akili zake." Wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Shemeji akawaza ofisini watasemaje. Yaani mtu anakufa chumba cha wodi kwa kiu, na hawa wanagombania jina zuri! Nilisimama, nikawaambia kwamba anayetaka afe na akili zake aende akamzike kwa mikono yake, akamfue na shuka lake. Mjomba akaanza kutafuta viatu vyake. Kesho yake shemeji akatia saini fomu ya hospitali, akiniangalia kama nimemwibia.

Lakini hofu nilikuwa nayo. Asubuhi ya kwanza nilifanya fujo pale koridoni mpaka daktari akanishika mkono. "Njoo uone kwa macho yako. Ukishaona ndipo utukane."

Wakamlaza. Nesi akamchoma dawa ya usingizi kwenye mshipa, akalala kabla hatujapumua mara tano, wakampa na dawa ya kulegeza mwili. Wakamwekea kipande cha mpira kati ya meno, wakambandika nyaya kwenye paji la uso, wakampa hewa. Daktari akabonyeza. Mimi nimeshika ukuta, nangoja moshi. Moshi uko wapi? Taya likakaza, vidole vya mguu vikatetemeka, nesi anahesabu kwa sauti: kumi, ishirini, thelathini, thelathini na nane. Basi. Mashine yetu ya kufulia inajirusha kuliko vile.

"Ndiyo hayo tu?" nikauliza.

"Ndiyo hayo. Mara kumi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kichwa kitamuuma. Na kumbukumbu itakuwa na matundu, hasa ya miezi hii ya ugonjwa na ya siku zenyewe za tiba. Mengine yatarudi, mengine hayatarudi. Akiuliza, mwambieni ukweli, hata kama ni mara kumi. Msimchanganye."

Baada ya mara ya tatu dada aliomba chai. Nilikimbia kuitafuta nikiwa na kandambili mguu mmoja. Baada ya mara ya tano aliniangalia tangu kichwani hadi miguuni akasema, "Hiyo kola nani kaipiga pasi? Mlevi?" Nilimkumbatia mpaka nesi akaniondoa. Tusi tamu kama lile sijawahi kutukanwa.

Baada ya sita daktari akamruhusu alale nyumbani, nne zilizobaki awe anakwenda asubuhi na kurudi. Alikuwa amekonda, anasahau iliko miwani, anauliza jambo moja mara tatu. Lakini alikuwa dada. Alirudi mezani kwake, akashika pasi, na mashati ya wateja wa zamani aliyatambua yote, msalaba mwekundu, nukta tatu, hakukosea hata moja. Zile alama alizoshona mwezi wa mwisho kabla hajaanguka ndizo zilizompotea. Anageuza kola, anaona mshono wake mwenyewe, zambarau ya kupinda, na hajui wa nani.

Mji ukalijua hilo siku hiyo hiyo. Fundi saa, mtu mzima na mvi zake, akaja akalitolea macho koti jeupe lenye uzi wa zambarau. "Hilo langu. Ulinibadilishia alama mbele yangu. Umesahau tu." Dada akampa. Siku mbili baadaye mwenye koti, mwalimu wa kwaya, alikuja akafoka hadi mate yakaruka kwenye nguo safi. Jirani akaja: uliniahidi kunifulia mapazia yote bila kitu, umesahau tu. Mwingine: ulisema nianike kwenye kamba zenu, umesahau tu. Wote wanasema kwa huruma, wameinamisha shingo pembeni, wanamshika bega. Mimi nimeona nguo zikitoka kwenye maji zikiwa na funza. Afadhali funza.

Tuje kwa shemeji.

Hospitalini dada alikuwa akimwulizia Kibonge, anaambiwa yuko kwa shangazi yake, analala, anasahau, anauliza tena. Sasa akili ilikuwa imetulia, na Jumamosi ya kwanza tangu aruhusiwe, nyumbani kwao, tukiwa watatu mezani, akauliza na kungoja jibu. "Mwanangu anarudi lini?"

Shemeji akafuta mdomo kwa kitambaa. Polepole. "Mke wangu, tulizungumza hili. Ulimtoa mwenyewe. Ulisema humtaki machoni pako, achukuliwe akalelewe na dada yangu hadi amalize shule. Umesahau tu."

"Mimi? Nilisema simtaki?"

"Si kosa lako. Ni ugonjwa." Akaenda kabatini, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara mbili, akamwekea mbele. Barua imeandikwa kwa mwandiko wa Shangazi: mimi mama mzazi, kwa hiari yangu, nimemkabidhi mtoto wangu. Na chini saini ya dada.

Ile saini naijua. Niliitia mimi.

Shangazi alikuwa ameisukuma mbele yangu siku ile ya tatu, leso puani. "Baba yake amekubali. Nataka na mama, asije akatugeuka kesho. Mtilie wewe, huyu hata kalamu hawezi kushika." Kutoka chumbani harufu ilikuwa inakuja hadi sebuleni. Sikuwa nimelala siku ngapi sijui. Nikajiambia, mtoto atakula vizuri huko, na mimi nitabaki na mzigo mmoja badala ya miwili. Nikaandika jina la dada yangu kwa mwandiko wake, kama nilivyozoea kumtilia kwenye risiti za sabuni.

Na sasa dada alikuwa ameshika ile karatasi kwa mikono miwili, anaisoma midomo ikitikisika, na shemeji ananiangalia mimi, siyo yeye. Nilitakiwa niseme pale pale. Nikainuka nikakusanya sahani, nikaenda jikoni, nikaziosha zote, hata zile safi.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilimpitia dada kwa ajili ya mara ya saba. Nilimkuta amekaa kitandani na nguo za kulalia.

"Siendi."

"Dada, bado nne."

"Kichwa kilichosahau kwamba kilimkana mtoto, mimi nakipeleka tena kwenye ile mashine kwa nini? Kesho watanisahaulisha jina langu." Akakunja mikono. "Na kama nilisema vile, basi na akae huko huko. Huko kuna mtu anayemtaka."

Hakwenda Jumatatu, hakwenda Jumatano. Nilipiga simu kwa daktari. Akaniambia kukatisha katikati ni hatari, ugonjwa unaweza kurudi kwa kasi, na safari hii mwili hauna akiba. Wala sikuhitaji kuambiwa. Jumatano mchana, mezani kwa pasi, mkono wa dada ulisimama juu ya shati. Haukushuka wala haukurudi. Chai yake ya asubuhi ilikuwa pembeni, imefanya utando.

Nilikwenda ofisini kwa shemeji nikamkuta kwenye dirisha lake. Nikamwambia mwambie ukweli, mwambie hakusema neno, atakufa huyu. Akachungulia nyuma yangu kama kuna foleni. "Shemeji, nikisema sikuongea naye, ataniuliza hiyo saini ni ya nani. Nimjibuje? Mimi nakulinda wewe." Na akatabasamu! Alikuwa amejipulizia kitu kama limau. Nilitoka nje nikashika nguzo, nikatapika kweli, si maneno, mbele ya walinzi. Nikajifuta kwa ushungi wangu. Kwa sababu alisema kweli yule mbwa. Uongo wake nilikuwa nimeuvaa na mimi, na ulikuwa unanikaa vizuri.

Alhamisi asubuhi gari lilishusha mashuka ya nyumba ya wageni, mlima mzima. Tulikaa chini, dada upande huu, mimi upande ule, tunachambua meupe na ya rangi. Alikuwa anachambua taratibu, anasahau mkono hewani. Nikasema nikiwa nimeinama, la sivyo nisingeweza.

"Dada. Hukusahau kitu."

Akaniangalia.

"La Kibonge. Hakuna kitu ulichosema. Ulikuwa umegeukia ukuta, hukuwa unajua kama ni mchana. Waliamua wao. Saini niliitia mimi."

Mashine ilikuwa inakamua, inatembea, ikafika ukutani ikagonga. Hakuna aliyeinuka kuirudisha.

"Kwa nini?"

"Nilichoka. Nilikuwa nakuona kinyaa."

"Nilikuwa nanuka?"

"Ndiyo."

Akalikunja shuka chafu lililokuwa magotini mwake, akalikunja tena kama limetoka kwenye pasi. "Mtoto alilia?"

Nilitaka kusema hapana. Ulimi ulikuwa tayari. "Alishika mguu wa kitanda chako. Anakuita. Wewe husikii. Shangazi anamvuta, haachii. Nikambandua vidole mimi, kimoja kimoja."

Hakunipiga. Ningeshukuru. Akaniuliza leo ni siku gani, nikamwambia Alhamisi. "Kesho nakwenda," akasema. "Kama sikusahau, mashine ile haina kosa. Lakini wewe nisikilize. Nikiamka kesho nitakuwa nimeyapoteza haya?"

"Huenda. Daktari alisema ya siku za karibu yanapotea."

"Basi nikiamka uniambie tena. Kabla ya chai. Yote, na vidole. Asinitangulie mtu mwingine."

Ijumaa nilikaa kando ya kitanda chake chumba cha kuamkia. Alifumbua macho, akazungusha shingo, akaniona. Uso wake wote ukafunguka. "Mdogo wangu," akasema, kwa ile sauti ya tulipokuwa wadogo tunalala kitanda kimoja. "Umekaa hapa tangu saa ngapi, maskini?" Kisha akauliza Kibonge yuko wapi.

Alikuwa amesahau. Yote, hata karatasi. Nilimwona dada yangu akinipenda, na nilijua kwamba nikinyamaza ataendelea kunipenda. Shemeji alikuwa mlangoni, kaja na matunda kwenye mfuko ili manesi waone. Akatikisa kichwa kidogo, kuniambia acha. Sisi wawili wenye siri moja!

Nikasema. Hakuna ulichosema, saini ni yangu, nilikuona kinyaa, nilimbandua vidole. Nikamtazama uso ukifunga tena kama mara ya kwanza, na ile ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii nilijua utafunga wapi. "Nilikuwa nanuka?" akaniuliza. Nikamjibu ndiyo. Kisha nikamgeukia shemeji, nikachukua kalamu ya nesi, na nyuma ya fomu yake ya kuruhusiwa kurudi nyumbani nikaandika saini ya dada mara kumi, zote sawasawa, mbele ya daktari, nesi na wagonjwa wawili. "Hii ndiyo ya barua yenu. Utamleta mtoto, au niibandike hii kwenye dirisha la ofisi yako?"

Mfuko wa matunda ulimdondoka. Alipanda basi Jumanne.

Jumatatu dada aliamka akaniita mdogo wangu, nikamwambia tena. Jumatano aliamka akaniita mdogo wangu, nikamwambia tena. Kila mara aliuliza kama alinuka, kila mara alitaka kujua kama mtoto alilia, na kila mara nilitamani nipunguze kidole kimoja.

Alhamisi jioni Kibonge akaletwa. Mashavu yamekwisha, limebaki jina. Nywele zimesukwa kwa mtindo tusioujua, na alisimama karibu na mlango amekumbatia begi, anamtazama mama yake kwa mbali kama mgeni. Dada hakumkimbilia. Alipiga magoti pale pale alipokuwa. Mtoto akasogea hatua, akasogea hatua nyingine, akainusa shingo ya mama yake kwa makini.

"Hunuki tena," akasema.

Dada alicheka, akacheka hadi machozi, na mtoto naye akacheka bila kujua kwa nini. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na kitambaa cha vyombo. Shemeji aliingia chumbani akafunga mlango. Hakuna aliyemwita.

Ijumaa ikawa mara ya kumi. Kibonge alingoja kwenye benchi la nje na nesi, anahesabu matone ya dripu ya mgonjwa mmoja aliyekuwa akingoja kwenye kitanda cha magurudumu. Mimi nikakaa mahali pangu, kando ya kitanda. Nilikuwa nimeyapanga maneno, saini, kinyaa, vidole. Na sitawaficha, nilikuwa nimeanza kuingojea ile dakika moja kabla ya maneno.

Dada akafumbua macho. Akazungusha shingo, akaniona. Akanitazama muda mrefu, macho yake maangavu, ya mtu mzima wa afya, anayejua leo ni siku gani.

"Usiniambie," akasema. "Leo nakumbuka. Niitie mwanangu."

Nikasimama kwenda kumwita mtoto. Pale mlangoni nikapunguza mwendo, nikangoja. Mara tatu alikuwa ameamka akaniita mdogo wangu. Mara hii hakuniita.